Kichaka cha Abel

Gaudensia alichomeka muhoro, panga lake lenye ncha iliyopinda, ndani ya kichaka, akavuta kwa nguvu zote, na rundo la miiba likaanguka miguuni pake. Mpini ulikuwa mrefu kumpita yeye mwenyewe. Aliutia makusudi kwa kazi hii, maana kichaka cha shemeji yake Abel hakikuwa cha kusogelewa.

Hiyo ilikuwa siku ya tatu.

Kichaka kilianzia juu, kwenye kaburi la baba mkwe wake, kikateremka kati ya kibanja chake cha migomba na kile cha Abel, kisha kikatanda hadi nyuma ya nyumba yake. Kwa miaka saba, tangu mumewe Kamala azikwe, Abel alikataza kisiguswe. Kijiji kizima cha Kishanda kilijua kwamba ndani yake imo milamula, miti ya mpaka aliyoipanda baba mkwe mbele ya mashahidi alipowagawia wanawe wawili ardhi. Mlamula haung'olewi. Wazee wakishatembea kutoka mti mmoja hadi mwingine, shauri limekwisha, wala hakuna baraza litakalolifungua tena.

Gaudensia alijua Abel anaficha nini. Kamala alimwambia zaidi ya mara moja kwamba ile mikahawa mizuri ya bondeni, ambayo Abel huichuma kila msimu, ilikuwa yao.

Na si mikahawa tu. Siku ya mazishi, mbele ya waombolezaji, Abel alitaka kaka yake azikwe kule juu karibu na baba yao, si mbele ya nyumba. Mwaka uliofuata, Gaudensia alipoleta matofali, Abel alikuja kumshauri ajenge kando ya barabara. Yeye alizika alipotaka na akajenga alipotaka, lakini yale maneno hakuyasahau. Mtu anayemfukuza ndugu yake hata akiwa ndani ya jeneza, alijiambia, siku yake itafika.

Jumatano, alipoanza kufyeka, Abel alikuja akasimama mbali kidogo, kofia mkononi. Alidai eti Kamala mwenyewe, siku alizolazwa hospitali, ndiye aliyeomba kichaka kiachwe kiote. Gaudensia alimjibu kwamba marehemu ni shahidi mzuri, hakuna wa kumuuliza.

Abel alivaa kofia yake.

"Basi fyeka, shemeji," alisema. "Ila nakuomba, usiwaite watu."

Hapo ndipo Gaudensia alipoamua kuwaita wote.

Alipita kwa Mzee Haidari, mwenyekiti wa kitongoji. Alipita kwa wazee wa ukoo, na kwa wanawake wa kikundi chake cha kuzikana. Hadi Alhamisi jioni alikuwa ameifungua nusu ya juu, na milamula minne ilikuwa imejitokeza, mstari mmoja ulionyooka kuelekea kwenye mikahawa ya Abel. Usiku huo alilala vizuri. Nusu ya chini aliiacha kwa makusudi, ifunguliwe mbele ya macho ya watu, Abel asije akasema miti imepandwa jana.

Sasa walikuwepo wote. Jirani yake Ephrasia alikuwa amekaa juu ya gogo, akimwambia kwamba akimaliza hapa aende na kwake, ana kichaka na mume mvivu, achague aanze na kipi. Watu walicheka. Abel hakucheka. Nyuma yake walisimama wanawe watatu, vijana wakubwa ambao mwaka mzima walikuwa wakigombana nani ajenge wapi. Mmoja alimuuliza baba yao kwa nini hakuwahi kuwaonyesha mpaka unapita wapi.

Gaudensia aliinua mpini, akakata, akavuta. Kila mzigo wa miiba ulioanguka ulimpa nguvu za mwingine. Alitamani uso wa Abel ubadilike polepole, autazame vizuri.

Mti wa tano haukuwa pale alipoutarajia. Alifyeka kuelekea kwenye mikahawa hadi akafika udongo mtupu. Ndipo Mzee Haidari aliponyoosha fimbo yake upande wa kushoto, mahali ambapo majani marefu ya mlamula yalikuwa yanachungulia katikati ya miiba.

Gaudensia alisema mipaka hufuata mteremko. Akageukia kushoto.

"Mwenyekiti, inatosha," Abel alisema ghafla. "Mimi sina madai yoyote."

"Mwizi akibanwa huwa hana madai," Gaudensia alijibu bila kugeuka. "Tunaendelea."

Akaendelea. Aliinama, jasho likimwingia machoni, asione kitu ila majani na kile chuma kilichopinda kikienda na kurudi. Akaupata mti wa sita. Nyuma yake kicheko kilikuwa kimekoma, naye akafurahi, maana alidhani watu wameanza kumwonea haya Abel. Alining'iniza muhoro kwenye utando wa mwisho wa miiba, akaegemea mpini kwa uzito wake wote, na utando ukashuka wote kwa pamoja.

Mlamula wa saba ulikuwa mnene, mkongwe kuliko yote. Mzee Haidari aliushika kwa kiganja, akatazama mstari wote hadi juu kaburini, kisha akatazama mbele.

Gaudensia alifuta jasho, akainua kichwa. Alikuwa amesimama nyuma ya nyumba yake mwenyewe.

Ile nyumba ya matofali, migomba yake yote ya mbele na kaburi la Kamala vilikuwa upande wa Abel. Abel alikuwa akiwaita wanawe warudi, lakini mkubwa wao alikuwa ameshaanza kupima kwa hatua, kutoka mlangoni kwa Gaudensia hadi kaburini.