Soli ya Nne

Siku ya tatu tangu arudi safarini, Salme aliingia kwenye karakana ya viatu kuomba kazi. Mwenye karakana, Mzee Kitwana, aliisoma barua yake mara mbili.

"Hapa kwenye miaka miwili hii hujaandika kazi yoyote. Ulikuwa wapi, mwanangu?"

"Nilikuwa natembea, mzee. Nchi tano, kwa miguu."

"Matembezi si kazi. Fundi akikaa miaka miwili bila sindano, mkono husahau."

Salme aliinama, akavua kiatu chake cha kulia, akakiweka mezani juu ya barua. Mafundi wakaacha kugonga nyundo. Pale, kiatu hakipandi mezani mpaka kiwe kimekwisha kushonwa.

"Uniwie radhi kwa vumbi," alisema. "Hiyo ni soli ya nne. Zote nimezishona mwenyewe, njiani."

Mzee alikipindua kiatu, akauvuta uzi kwa ukucha. Haukulegea. Akaingiza mkono ndani, akapapasa mshono kwa kidole, asiupate.

Kisha akainama chini ya meza, akihema kidogo, akaibuka na kiatu chake mwenyewe, kilichoachama mbele kama mdomo. Akakiweka mezani mbele ya mafundi wote, akakisukuma taratibu kwa Salme.