Alivyofundishwa Edina

Kabla wageni wa kanisa la ng'ambo hawajashuka garini, Mchungaji Obadia aliingia jikoni mwa kituo cha kulelea watoto. "Dada Melania, leo Edina asikuite mama. Hawa wanachangia yatima. Nimeshamfundisha."

Melania aliendelea kukoroga maharage. Mate yalimjaa mdomoni kama mtu aliyetafuna kitu kilichooza.

Uani, mgeni mmoja mzee alipiga magoti mbele ya Edina. "Mama yako yuko wapi?" aliuliza kwa Kiswahili cha kukariri.

"Alikufa," Edina alijibu, akainamisha kichwa.

Mzee alimkumbatia huku analia, wenzake wakapiga picha. Melania alisogea mlangoni, akatema mate. Juu ya bega la mgeni, Edina alikuwa anamtazama mama yake, anatabasamu, anangoja asifiwe kwa kutokosea.