Uyoga wa Chini ya Misunobari

Velga aliinama kufunga kamba za kiatu, na alipoinuka mumewe hakuwepo.

Njia ile ya msituni ilikuwa tambarare, hata watoto wachanga husukumwa humo kwenye vigari. Ndiyo maana alithubutu kumleta. Lakini nyuma ya misunobari bahari ya Baltiki ilikuwa ikinguruma, na mzee yule, tangu maradhi ya kusahau yamshike, hakuijua hata nyumba yake.

Velga akaiacha njia, akakimbia huku akiita mpaka sauti ikamkauka.

Alimkuta amepiga magoti nyuma ya mti. Alikuwa akikata uyoga wa manjano kwa kisu kidogo, kisha akifunika pale alipokata kwa majani makavu, taratibu, kama anayemfunika mtoto shuka.

"Wewe mzee, unataka kuniua?"

"Punguza sauti, Velga," akanong'ona. "Wale wapita njia wakituona, kesho hatukuti kitu hapa."

Tangu majira ya baridi mumewe hakuwa amemwita kwa jina; alimwita "mama" tu, kama anavyomwita muuguzi wake.

Velga akapiga magoti kando yake, akatandaza skafu yake chini, yeye pia akanong'ona, "Haya, kata upesi. Wanakuja."