Jiwe Safi

Wauza samaki walijaa ukumbini kupiga kura: kampuni yetu ichimbe madini chini ya bahari, au isichimbe. Nikawapitishia jiwe la sampuli, jeusi, dogo kama kiazi.

"Lishikeni tu, haling'ati!" nikawatania. Wakacheka.

Mama mmoja akaligeuzageuza kiganjani. "Mwanangu, huko chini halikuwa na kiumbe juu yake?"

Meneja akanikazia macho. Siku tulipolitoa nililisugua mwenyewe kwa mswaki, nikakwangua viumbe vyeupe, laini kama ute wa yai. Kimoja kilikuwa bado kinajikunja.

"Lilikuwa safi, mama."

"Haya, fundi kasema." Akainua mkono wa ndiyo. Wenzake wakamfuata, benchi baada ya benchi.

Nami nilikuwa bado natabasamu.