Uzito wa Mama Watoto

Muuguzi alipotaka kubadilisha shuka, mchukuzi alimwinua mkewe kitandani, akajikaza kama alivyozoea kujikaza chini ya magunia ya saruji. Nusura aanguke kinyumenyume. Mke hakuwa na uzito wowote; ugonjwa ulikuwa umemla akabaki mifupa na macho.

Walipokuwa wachumba, mchungaji aliwafundisha kwamba kwa Waebrania wa kale neno la heshima lilitokana na neno la uzito: unayemheshimu, usimchukulie kuwa mwepesi. Mchukuzi aliyashika hayo miaka yote ya ndoa.

"Nimekuwa unyoya, sivyo?" mke alimnong'oneza.

"Unyoya gani, mama watoto? Mgongo unanivunjika hapa!" Akaguna kwa nguvu, akajifanya anayumba.

Mke akacheka kidogo, kisha akaegemeza kichwa begani kwake. Mbavu zake zilipanda na kushuka kwa taabu chini ya kiganja chenye sugu.

"Tayari, mzee. Mlaze," alisema muuguzi.

Shuka lilikuwa limenyooshwa vizuri. Mchukuzi, aliyeshusha mizigo maisha yake yote, alisimama pale pale, asijue namna ya kumtua.