Dirisha la Doña Refugio

"Wewe wa tarumbeta, toka kwenye huo mpungate," don Fermín alinong'ona. "Unaziba mwanga."

"Mwanga gani, bosi? Jua lenyewe bado limelala."

"Litaamka. Na ukibaki hapo litakuangukia wewe badala yangu."

Eleuterio, mpiga tarumbeta, alisogea akinung'unika huku akichomoa miiba kwenye suruali. Wenzake wa bendi ya mariachi walikwisha kusimama, kila mmoja juu ya jiwe alilopangiwa. Don Fermín Urdapilleta alikuwa ameigiza na kuongoza filamu arobaini, na hata kuposa aliposa hivyohivyo: kila mtu mahali pake na asiyeigiza akae kando.

Katika filamu zote hizo alivaa kofia pana na vifungo vya fedha, akamwimbia msichana chini ya dirisha, na dirisha likafunguka. Meksiko nzima ililia kwa sauti yake. Kumbe don Fermín akiimba kweli, hata kuku husita kutaga. Yeye alichezesha midomo tu. Sauti ilikuwa ya Nabor Tiscareño, mtu mnene, mwenye upara na haya nyingi, ambaye kwa miaka ishirini aliimba nyuma ya pazia na jina lake halikuandikwa popote.

Lakini dirisha la leo halikuwa la mbao za studio. Lilikuwa la doña Refugio, mjane mwenye duka la dawa pale Coyoacán, na don Fermín alimpenda mpaka akakosa hamu ya kula. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kabati la don Fermín lilijaa dawa alizonunua ili tu amwone, za minyoo, za macho na za watoto wachanga, naye hakuwa na mtoto. Umri wake ulikuwa umepita hamsini, na alichoka kupendwa na wanawake kwa sababu tu yeye mwenyewe ndiye aliyewaandikia hivyo. Alitaka mmoja ampende bila kuambiwa.

Wiki iliyopita alimwomba wafunge ndoa. Doña Refugio alifunga kizibo cha chupa taratibu, bila kucheka.

"Njoo alfajiri ya sikukuu ya mtakatifu somo wangu, don Fermín," alisema. "Uimbe chini ya dirisha langu. Jibu lako utalipata hapohapo."

Na jibu la dirisha kila mtu analijua. Taa isipowaka, kusanya magitaa yako uende zako. Taa ikiwaka, umekubaliwa.

Basi jana jioni don Fermín alimwita Nabor pembeni.

"Utajificha nyuma ya ukuta wa bustani. Wimbo mmoja, beti tatu. Ule wa mwisho uuvute kidogo, maana hapo nitakuwa nafuta chozi."

Nabor aliizungusha kofia yake mikononi. "Bosi, kwa nini usimwimbie mwenyewe? Mwanamke wa maana haangalii sauti."

"Wewe unajua nini habari za wanawake? Hata mswaki wako unakukimbia."

"Sawa, bosi. Ila kuna neno nilitaka kukwambia."

"Neno lako liimbe. Na usiniletee kikohozi. Kila nikipita nakuona kwenye duka lake unaomba dawa ya kifua."

"Kifua kimepona, bosi," Nabor alijibu akitazama viatu vyake. "Nyinyi njooni tu. Mimi mtanikuta nimeshafika."

Na sasa kulikuwa kunapambazuka, na nyuma ya ukuta hapakuwa na mtu. Don Fermín alipiga mluzi mara moja, kisha mara ya pili. Paka ndiye aliyetoka.

"Labda kalala," Eleuterio alisema.

"Nabor halali kazini."

"Basi imba mwenyewe, bosi. Tutapiga kwa nguvu, hatasikia."

Don Fermín alihisi jasho likimtiririka ndani ya suti ya charro, ile ya vifungo vya fedha. Majirani walianza kutoka na mablanketi mabegani. Muuza tamale, maandazi ya mahindi, alisimamisha mkokoteni wake katikati ya njia na kukunja mikono, tayari kuburudishwa bure. Kurudi nyuma hakukuwezekana. Kuimba ndiyo kabisa. Violini zilianza, zikamaliza utangulizi, na don Fermín akafumba macho, akaweka mkono kifuani na kufungua kinywa kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Sauti ikaja.

Ilikuja kwa wakati wake, pana na nzito, na tamu kuliko ilivyowahi kuwa katika filamu yoyote. Nabor hakuwahi kuimba namna hiyo. Muuza tamale alijipangusa macho kwa aproni. Jirani mmoja alimshika mkono mkewe ambaye hawakuwa wamesemezana naye tangu Pasaka. Don Fermín aliipokea kila silabi kwa midomo yake, akainua kidevu, akajisemea moyoni kwamba akitoka hapa atamwongezea Nabor mshahara na kumwandika jina.

Kwenye ubeti wa pili, taa iliwaka.

Machozi yalimtoka don Fermín, na safari hii hayakuwa ya kitunguu. Amekubaliwa. Hakuna aliyemwandikia doña Refugio awashe taa, na ameiwasha. Alijiona mtu mwenye bahati kuliko wote Meksiko.

Eleuterio aliishusha tarumbeta, macho yake juu. "Bosi," alinong'ona.

"Piga," don Fermín alijibu kwa pembe ya mdomo.

"Bosi, tazama."

Dirisha lilifunguka. Doña Refugio alisimama pale na shali begani, taa mkononi, akitabasamu. Kando yake, katika kanzu ya kulalia, mkono mmoja kiunoni mwake, alisimama Nabor akiimba ubeti wa mwisho, na kule chini midomo ya don Fermín haikukosea hata neno moja.