Chumvi ya Jioni

Mtaani kwetu, kila jioni kila nyumba lazima iende kuomba kitu kwa jirani. Milango inasikiliza, na asiyeomba anahamishwa. Ndiyo maana tunaitwa mtaa bora jijini. Mimi nina vikopo vya chumvi hadi chini ya kitanda.

Jana nilirudi kutoka kazini miguu imevimba. Sijavua hata viatu, nikasikia hodi. Alikuwa Bi Rukaiya wa nyumba ya pili, anahema.

"Jirani, nisaidie. Mzee wangu ameanguka bafuni, siwezi kumwinua."

Nikasema moyoni, huyu naye leo kajitahidi; wenzake wote huomba chumvi tu. Nikatabasamu kama tunavyotakiwa, nikamtia kikopo mkononi.

"Karibu tena, jirani."

Alikitazama kile kikopo, akanitazama mimi, akaondoka. Mlango wangu ukanishukuru kwa ukarimu.

Leo mchana wamemzika mzee. Jioni nikaenda kwake, maana kwenda ni lazima. Nilisimama mlangoni nikitafuta neno la kumwambia. Kabla sijafungua mdomo, alinirudishia kikopo kile kile, hakijaguswa.

"Karibu tena, jirani," akasema, na mlango wake ukamshukuru.